Mzee Aliyelisha Kamera Mchele

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika hapa. Mtaani kwetu Amalemba hakuna aliyelitumia. Watoto walisema Mpiga Picha, wazee walisema Mpiga Picha, na hata mkewe chakula kikiiva alipaza sauti vivyo hivyo: "Mpiga Picha, njoo ule!" Alikuwa jirani yetu, mlango kwa mlango, tangu nikiwa darasa la tatu mpaka sasa niko kidato cha nne. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba. Nikifanya hesabu za shule mezani nilimsikia akisafisha koo upande wa pili, na yeye bila shaka alitusikia sisi.

Daftari hili limejaa watu ambao siwezi kuwaambia kitu usoni. Yeye nimemwahirisha miaka miwili. Namchukia, na sijui nifanye nini na chuki hiyo, kwa sababu sijawahi kuona mtu mwingine anayejua kutunza kitu kama yeye.

Kitu chenyewe kilikuwa kamera moja tu. Ilikuwa ya chuma, nzito, yenye ngozi nyeusi iliyochubuka pale vidole vyake viliposhika miaka yote. Alikoipata alibadilisha kila mara. Mara ilikuwa zawadi ya mtawa wa misheni aliyerudi kwao, mara aliinunua kwa Mhindi wa Kisumu aliyekuwa anafunga duka. Ukimkumbusha alivyosema jana, alikujibu, "Wewe unataka picha ama unataka hadithi?"

Haikuwa kama kamera zile ambazo unaona kile kile lenzi inachoona. Yake ilikuwa na kidirisha kidogo juu, pembeni ya lenzi, na jicho lake lilikaa hapo. Siku moja nikiwa darasa la saba aliniita nichungulie. Nilimwona mkewe akianika nguo, na katikati ya kidirisha, penye kiraka cha manjano, alikuwa watu wawili, mmoja amekaa kidogo kando ya mwenzake. "Zungusha lenzi polepole," akaniambia. Nilizungusha, na yule wa pili akateleza akaingia ndani ya wa kwanza. "Sasa ni mmoja. Hapo ndipo unapiganga. Ukipiga wakiwa wawili, mtu anatoka kama moshi." Nilifurahi sana siku hiyo. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Kwetu Kakamega mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kila alasiri kama mtu anayekuja kazini. Nguo kabatini zinanuka, viatu vinaota vitu vyeupe, na kama una kamera, ukungu unaingia katikati ya vioo vya lenzi na kutambaa humo kama utando wa buibui. Mpiga Picha aliuogopa ukungu kuliko wezi. Alikuwa na mkebe mkubwa wa kakao wenye kifuniko cha kubana, na ndani ya mkebe kamera ililala juu ya kifuko cha kitambaa kilichojaa mchele. Kila Jumamosi aliukaanga mchele huo kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, akiukoroga ili usibadilike rangi, mpaka unyevu wote utoke. Aliuacha upoe, akaurudisha kwenye kifuko. Baada ya wiki chache aliutupa na kuchukua mwingine.

Mchele, tafadhali. Sisi mchele tuliuona Krismasi, na mgeni akitoka mbali.

Mkewe alimwomba mara nyingi, mchele ukishatumika, auchemshe watoto wale. Alikataa. Alisema umekwisha kunyonya maji ya kamera, si chakula tena. Aliumwagia kuku. Kwa hivyo mama yule alikuwa na wimbo wake wa Jumamosi, akiimba kwa nguvu ili mtaa wote tusikie: "Kamera inakula kwanza! Halafu ingokho wanakula! Sisi watu, tungojee obusuma, ugali wa kila siku!" Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka. Nitamfikia.

Jumapili baada ya kanisa, Mpiga Picha aliketi mlangoni na taulo magotini. Kwanza vumbi. Alilipuliza kwa kile kipira chekundu cha kunyonyea makamasi ya mtoto mchanga, na kamwe hakulipuliza kwa mdomo, kwa sababu mate ni maji na maji ni ukungu. Kisha alifuta kwa kipande cha fulana kuukuu iliyofuliwa bila sabuni. Fulana hiyo haikugusa kitu kingine duniani. Ukifuta lenzi kwa shati lako mbele yake, hata kama lenzi ni yako, alikuangalia kana kwamba umempiga mtoto kofi. Halafu, bila filimu ndani, alivuta na kuachilia kama anayepiga picha, akianza na kasi kubwa mpaka ile ndogo kabisa, ambayo ilitoa sauti ndefu, kama mtu anayenong'ona "sasaaa". Aliisikiliza kwa kuiweka sikioni. "Kamera isipopigwa inasahau," alisema. Na alipomaliza hakuiacha ikiwa imevutwa. Aliiachilia, ndipo ikaingia mkebeni. "Wewe ungelala umekunja ngumi usiku kucha?"

Fundi cherehani wa kona ile ya stendi, mtu mpole kabisa, alimletea siku moja kichupa cha mafuta, kwa nia njema, aipake kamera viungo. Mpiga Picha alikaa muhula mzima bila kumsalimia. "Anataka kuniulia mashine," alisema. "Mafuta ni ya cherehani. Hapa ndani kila kitu ni kikavu."

Nimesema alitunza kitu. Watu ni jambo lingine.

Ukitaka kujua alivyopanga watu, ungemtazama siku ya picha. Mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi alipopigwa picha ya kuning'iniza ofisini, Mpiga Picha alimnyoosha tai, akarudi nyuma, akasogeza kiti kidogo, akamnyoosha tai tena, akangoja wingu lipite. Tulimaliza kipindi kizima tukiangalia dirishani. Mwenye duka la jumla, vivyo hivyo. Lakini akina mama wa sokoni aliwapanga kama magunia na kuwaambia, "Fungeni midomo, meno yatang'aa." Mama mmoja wa Navakholo alimjibu, "Baba, mimi meno ndiyo nimeleta, mengine yote yamezeeka!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na kwenye picha yule mama amefunga mdomo.

Tena alikuwa na sheria moja ambayo kila mtu Amalemba aliijua. Jicho lake likishakaa kwenye kidirisha, hakuna kusema. Si mwenye sherehe, si padri. Mwaka mmoja kwaya ya kanisa ilijipanga kwenye ngazi, sare mpya, na msichana mmoja wa sauti ya pili akaona mkoba wa Mpiga Picha uko wazi chini. Akasema tu, "Mzee, mkoba wako." Mpiga Picha alishusha kamera. "Nani fundi hapa? Mimi ama wewe?" Akaifunika, akapanda baiskeli yake nyeusi, akaenda. Kwaya ile haikuwa na picha mwaka huo. Yule msichana alilaumiwa mpaka akahamia kwaya ya vijana. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na nililishika somo hilo vizuri kuliko lolote la darasani. Mimi ni mtu ambaye mwalimu akinitaja jina nisome kwa sauti, herufi zinakimbia. Sikuhitaji kufundishwa kunyamaza, lakini pale nilifundishwa.

Sasa kifuniko. Lazima nilieleze jambo hili polepole, kwa sababu ndilo lililoleta yote.

Kabla sisi hatujahamia mtaani, Mpiga Picha alipiga harusi huko Navakholo. Wakati wa kula aliiweka kamera mezani ikiangalia juu, lenzi wazi, na jua lilikuwa kali. Ndani ya kamera kuna pazia jembamba la kitambaa cheusi linalofunguka na kufunga. Lenzi ilikusanya jua kama kioo cha kukuzia, ikatoboa pazia hilo tundu dogo la kama ncha ya sindano. Hakujua. Alikula, akarudi kazini, na picha zote za alasiri zikatoka na nukta nyeupe. Kwenye nyingi nukta iliangukia paji la uso wa bibi harusi. Ukoo mzima ulikuja nyumbani kwake kuuliza kwa nini amemtia binti yao alama. Aliliziba tundu mwenyewe kwa gundi na rangi nyeusi, kwa unywele mmoja wa brashi, na likakaa. Lakini aliapa. Tangu siku hiyo lenzi haikukaa wazi hata kwa muda wa kupiga chafya. Alitoa kifuniko, akapiga, akakirudisha, ndipo akavuta filimu. Akatoa tena, akapiga, akarudisha. Vijana walimtania: "Mzee, umeifunika tena? Itashikwa na homa?" Naye: "Nyinyi chekeni. Jua halichekangi."

Na kwa kuwa jicho lake lilikuwa kwenye kidirisha na si kwenye lenzi, kifuniko kiwepo kisiwepo, yeye aliona vilevile. Watu wanaotumia kamera za aina hiyo wote wanalijua hilo. Ndiyo maana alikuwa na desturi ya kukitia kifuniko mdomoni, kati ya meno, kila alipopiga. Akikisikia mdomoni alijua lenzi iko wazi. Picha zote za utoto wangu zilipigwa na mtu aliyeng'ata kifuniko.

Mama yangu alianza kukohoa nikiwa kidato cha kwanza. Nyumbani tulisema ni kifua. Majirani walisema vingine, wakivisema tukishapita. Walioazima chumvi waliacha kuazima. Kikombe alichonywea mama kwenye mkutano wa akina mama kilirudishwa nyumbani na mtoto, kimefungwa kwenye karatasi, na salamu nyingi. Mama alikifungua, akakiangalia, akasema, "Wamenipa zawadi ya kikombe changu." Akacheka. Mimi sikuweza.

Nikiwa kidato cha pili, muhula wa pili, alijua. Siku moja akaniambia, "Nataka kupigwa picha kabla sijabaki macho matupu." Hakuwa na picha. Yeye na baba hawakufunga ndoa ya kanisani, na picha za shule, kama alipigwa, zilibaki kwao. Alikuwa na ile ya kipande tu, kitambulisho chake cha serikali, ndogo kama stempu, na ndani yake amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa. "Wewe na wadogo zako mtaniangalia wapi?" aliniuliza. "Kwa kipande? Hapana. Mwite jirani."

Nilienda kubisha. Kwangu kubisha mlango wa mtu ni kazi. Mkewe alifungua, akaingia kumwambia. Halafu nikamsikia Mpiga Picha, si kwa sauti ya chini ya kutosha: "Kwani hawawezi kumtoa nje?"

Hatukuweza kumtoa nje. Alikuja siku ya tatu, alasiri, mvua ikijikusanya. Mama alikuwa ameoga, amevaa gauni la kanisani, amefunga kitambaa, amepaka mafuta usoni mpaka mashavu yakarudi kidogo. Dirisha tulilifungua wazi ili mwanga uingie. Mimi nilikaa kitandani nyuma yake nimshikilie mgongo, kwa sababu hakuweza tena kukaa wima peke yake.

Mpiga Picha alisimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Kwa mkono wa kushoto alishika leso, ameiziba pua na mdomo.

Mama akamsalimu, "Mulembe, jirani. Karibu ndani, kiti kile pale."

"Hapa panatosha, mama. Mwanga wa hapa ni mzuri."

Mwanga wa pale haukuwa mzuri. Alikuwa anajizibia mwanga mwenyewe kwa mwili wake, hata mimi niliona. Hakunyoosha kitambaa cha mama. Hakungoja wingu. Alishika kamera kwa mkono mmoja, akaishusha leso kidogo ili aweke jicho kwenye kidirisha, akairudisha, akapiga. Akavuta. Akapiga.

Mimi nilikuwa naangalia moja kwa moja mbele, kwenye kamera. Mahali pa lenzi, ambapo kwa kawaida unaona kioo kinang'aa zambarau kidogo, palikuwa peusi. Mdomoni mwake palikuwa na leso, kifuniko hakikuwepo. Kilikuwa kwenye lenzi.

Niliona kwenye picha ya kwanza. Nilijiambia labda ndivyo inavyofanywa ndani ya nyumba. Nilijiambia anajua, ni fundi. Nilihesabu: mbili, tatu. Mama alitabasamu, akafunga mdomo, akatabasamu tena. Kwenye ya nne aliniambia niweke kichwa begani kwake tuwe pamoja, nikaweka. Neno lilikuwa limejaa mdomoni mwangu kama ugali wa moto. Jicho lake lilikuwa kwenye kidirisha. Tano. Sita.

"Tayari," akasema, na alikuwa ameshaondoka.

Mama akaniuliza, "Nimetoka vizuri?"

Nikamwambia, "Umetoka vizuri, Mama."

Aliishi wiki tatu zaidi.

Baba alikuwa kiwandani Butali siku zote hizo isipokuwa Jumamosi na Jumapili, na aliporudi alishughulikia mambo ya mazishi akiwa hajalala vizuri. Ili apewe kibali cha kuzika alirudisha kipande cha mama kwa naibu wa chifu, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya kipande kulikuwa na uso. Kilienda kwenye bahasha na hatukukiona tena. Baba alisema, "Si kitu, jirani alimpiga picha nzuri juzijuzi," akaenda kuziomba ili moja ikae juu ya jeneza.

Mpiga Picha akamwambia filimu ilienda Kisumu kuoshwa na wale vijana wa Kisumu wakafungua mashine kabla ya wakati. Mwanga ukaingia. Zote zimeungua. Alisikitika sana. Alimshika baba mkono kwa mikono yote miwili, na akajitolea kupiga picha za mazishi bure.

Na akazipiga. Jeneza halikufunguliwa, baba hakutaka watu wamwone alivyokuwa. Kukhu, mama yake mama, aliyetoka Lumakanda na kufika amechelewa, aliuliza mara tatu, "Picha yake iko wapi? Nitamuagaje mtu ambaye simwoni?"  Mpiga Picha alizunguka na kamera yake, kifuniko kikitoka na kuingia, mdomoni na kwenye lenzi, kwa utaratibu wake wote. Picha hizo zilitoka safi kabisa. Unaweza kuhesabu misumari. Tunazo nyingi, kwenye albamu yenye maua: jeneza likitoka nyumbani, jeneza chini ya turubai, jeneza na wajomba, jeneza na kwaya. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye alikuwa na miaka mitatu, akishika albamu hiyo anaonyesha sanduku na kusema, "Mama."

Niliiona filimu mwezi uliofuata. Sikuitafuta. Mkewe aliniita nyuma ya nyumba, akiwa na kuni, akatoa kwenye kanga bahasha ya studio. "Wewe unajua mambo haya, alikufundisha," akasema. "Iangalie mwenyewe. Mimi nimechoka kulala na jambo hili." Nikainua filimu juu, kwenye mwanga. Picha za kwanza zilikuwa ubatizo wa mtu huko Butali, wazi kabisa. Za mwisho zilikuwa watu wa sokoni. Katikati palikuwa na nafasi sita tupu, filimu ya rangi ya chai isiyo na kitu.

Na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, zamani, mlangoni, taulo magotini. Filimu iliyoingiwa na mwanga inatoka nyeusi kama masizi. Inayotoka tupu ni ile ambayo haikuonyeshwa chochote.

Kisumu hawakuwa wamechoma kitu.

Sikumwambia baba. Nimejiuliza kwa nini, na jibu ninaloliandika hapa silipendi. Ningemwambia baba kwamba Mpiga Picha aliacha kifuniko, baba angeuliza nimejuaje, na ningelazimika kusema nilikiona. Nilimpita Mpiga Picha miaka miwili kwa "Shikamoo mzee" na "Marahaba mama", ukuta mmoja kati yetu. Jumamosi nilinusa mchele ukikaangwa. Jumapili nilimsikia akivuta na kuachilia, na ile sauti ndefu ya mwisho.

Hajawa mtu mbaya kwa wengine. Hilo pia lazima niliseme. Wadogo zangu aliwapa miwa. Paa letu lilipovuja alipanda mwenyewe na kupigilia bati, uzee wote ule, na hakutaka hata chai. Baba anamwita rafiki. Nikimwona juu ya paa letu na misumari mdomoni nilitamani ateleze. Tena nilimshikia ngazi.

Likizo hii ya Agosti mkewe alibisha. "Njoo umsomee mzee barua. Imeandikwa Kizungu." Nikaenda.

Alikuwa ameketi mezani, mchana kweupe, karibu na dirisha. Jicho la kulia, lile la kidirisha, lilikuwa na weupe katikati kama uji uliomwagika. Barua ilitoka kliniki ya macho. Nilisoma kimya kwanza, kisha nikamwelezea: la kulia watajaribu kupasua. La kushoto limeharibika nyuma kabisa, hawataligusa.

"Wanasema litarudi?"

"Wanasema watajaribu."

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Herufi hazikukimbia. Nilikuwa mtulivu kwa namna ambayo sijaizoea.

Akasema kwa upole, "Unasomanga vizuri. Mama yako angefurahi. Zile picha zake, wacha tu. Zilikuwa nzuri sana. Wale vijana wa Kisumu..."

"Mzee," nikasema, "Kisumu hawakuchoma kitu."

Mkewe alikuwa jikoni. Sufuria ziliacha kugongana.

"Kifuniko hukukitoa. Nilikiona nikiwa kitandani."

Nilingoja anikemee. Nilingoja aniulize nani fundi. Alipapasa meza kwa kiganja, polepole, kama anafuta makombo.

"Ulikiona picha ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Ya kwanza," akasema. "Mimi nilijua nikifika hapa kwa mlango. Nilitaka kuifunika niiweke mkebeni. Nikakuta imefunikwa."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Alikuwa amejua siku ile ile. Kabla mvua haijanyesha. Kabla mama hajavua gauni.

"Alikuwa hai wiki tatu," nikasema.

"Najua."

"Ulikuwa unamsikia hapo ukutani."

"Kila siku."

"Kwa nini hukurudi?"

 "Niliogopa kile kikohozi, mama. Niliogopa sana. Kila asubuhi nilisema kesho." Kisha akageuza uso kule alikodhani niko. "Na wewe ungekuja kubisha. Ningeshindwa kukataa. Mbona hukubisha?"

Hakuwa ananitukana. Alikuwa anauliza kweli, alitaka kujua. Wiki tatu nilikuwa na mlango huo hatua nne kutoka kwetu.

Akasema, kana kwamba anataka kunipa kitu cha kwenda nacho, "Lakini mimi nilimwona. Mara sita nilimwangalia. Gauni la bluu, kola nyeupe, na kitambaa cha bluu."

"Lilikuwa la kijani."

"La bluu, mwanangu."

"La kijani, mzee. Mimi nilikuwa nimemshika."

"Ulikuwa nyuma yake," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa mbele."

Nilitaka kumwambia hapana. Gauni lenyewe mama mdogo alilichukua siku ya kugawa nguo, akalikata, akawashonea wanawe. Nilikaa pale na ile barua ya Kizungu, nikajaribu kuiona rangi begani pale nilipoweka kichwa changu, na sikuiona.